Tupeane uzoefu: Misingi ya Mwalimu Nyerere bado inatufanya Watanzania?

Ndugu zangu, habari. Katiba ya 1977 mpaka leo inasema nchi hii ni ya kijamaa, na huku mtaani kila mtu anahangaikia lake. Nauliza kwa dhati: yale ya Azimio la Arusha, tamko la ujamaa la 1967, bado yanatuunganisha? Leteni yaliyowakuta, hotuba tumezisikia.

Naanza mimi. Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kadi yake ya TANU, chama cha Mwalimu, aliitunza kwenye kopo la maziwa, na ahadi za mwanachama alizijua zote kwa moyo. "Cheo ni dhamana" alitusomea hata tukigombea kugawa nyama. Mwaka aliolazwa tukadaiwa hela ya pembeni ili apate kitanda. Alisikia. Akageukia ukutani, hakutusemesha mpaka jioni.

Wa Musoma: Pole mkuu. Mimi nilipelekwa kusoma bweni Songea, kutoka Mara kote huko. Baba alipofariki sikuwa na nauli. Bweni zima lilichanga, na aliyepita kitanda kwa kitanda na bakuli la ugali ni jamaa niliyelala naye dabodeka miaka miwili. Kabila lake nimelijua juzi, kwenye harusi ya mwanawe. Kwangu huo ndio utaifa.

Wa Kasulu: Nafurahi kwa ajili yako kaka, ila mimi Muha, wa huku mpakani na Burundi, nimeitwa mara mbili nithibitishe uraia. Kisa jina na lafudhi. Mara ya pili nilikwenda na bibi. Akamwambia afisa: "Mwanangu, 1972 tulipakiwa kwenye lori kupelekwa kijiji cha ujamaa, nyumba tumeiacha na mahindi shambani. Siku ile hakuna aliyetuuliza sisi wa wapi."

Wa Musoma: Dada, hilo limeniingia. Sikuwahi kuliwaza.

Mwalimu mstaafu: Tusisahau Azimio lilianza kwa kuwabana viongozi: marufuku mishahara miwili, marufuku nyumba ya kupangisha. Masharti yakalegezwa kwenye kikao cha chama kule Zanzibar 1991. Nilikuwa nafundisha siasa darasa la sita. Wanafunzi wakaniuliza kama mtihani utabadilika, nikakosa jibu. Undugu tuliendelea kuufundisha, lakini wanaona wenyewe nani anaubeba.

Mwanzisha uzi: Shikamoo mwalimu. Dada wa Kasulu, bibi yupo? Na barua ya uraia walikupa?

Wa Kasulu: Bibi yupo, bado analima. Barua naambiwa nirudi Jumatatu.