Dume la Boer kwa mbuzi wa kienyeji Dodoma, nianzie wapi?

Mfugaji_Chamwino:
Wakuu heshima kwenu. Niko Chamwino, nina majike 30 wa kienyeji, kuzaa wanazaa ila nyama hakuna, beberu wa mwaka mzima ukimpeleka mnadani mchinjaji anamnyanyua kwa mkono mmoja anakutajia bei ya kukatisha tamaa. Nataka ninunue dume la Boer nipate machotara. Mnanishaurije, maana kiangazi cha huku mnakijua.

BabaZizi:
Mkuu anza na chakula, dume baadaye. Boer ni mbuzi wa Afrika Kusini, dume lililokomaa linavuka kilo 90, sasa mwili kama ule unataka kula, chotara akilala njaa Septemba na Oktoba anadumaa kama hao hao ulionao. Nyie huko mna alizeti, mashudu mnayo. Changanya na pumba ya mahindi uwape jioni wakirudi, kidogo kidogo, usije ukawamwagia mahindi matupu mengi kwa mkupuo watavimbiwa utazika. Halafu mkishavuna karanga na kunde msichome majani yake jamani!! yaanike vizuri weka juu ya kichanja. Maganda ya migunga nayo yakidondoka okota jaza magunia. Na maji, na jiwe la chumvi.

MamaVibuzi:
Naongezea hapo. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, kwa hiyo ukipandisha Julai mwishoni au Agosti watazaa Januari majani yapo, mama anapata maziwa na mtoto anakua. Dume likikaa zizini mwaka mzima majike watazaa tu ovyo, lifungie kwake au lifunge turubai tumboni lisiweze kupanda. Wiki mbili tatu kabla ya kupandisha waongezee mashudu majike, mapacha wanaongezeka. Shika mgongo, ukisikia uti umechongoka kama msumeno huyo bado, mlishe kwanza. Na mitamba midogo usiipandishie Boer uzao wa kwanza, mtoto anakuwa mkubwa anakwama.

Mfugaji_Chamwino:
Asanteni sana. Na mitamba chotara nikiipata naipandishia baba yao au vipi?

BabaZizi:
Hapana mkuu, baba na binti hapo unaharibu, badilishana dume na jirani kabla hawajafikia kupandwa. Mimi kwa ukame wa kwenu hiyo mitamba ningeiwekea dume la Malya. Huyo ni mbuzi wa hapa hapa Tanzania, damu yake Kamorai (mbuzi wa Pakistan) 55%, Boer 30%, wa kienyeji 15%, ana mwili na jua analivumilia. Waulize watafiti wa mifugo TALIRI pale Kongwa, si mbali na wewe. Madume chotara yote hasi mapema, nenepesha, upeleke mnadani kuelekea Eid ya kuchinja ila hapo wachache usiwahasi, wanunuzi wengi wa siku ile wanataka beberu mzima.

MamaVibuzi:
Na dume jipya likifika litenge kwanza wiki tatu, dawa ya minyoo na chanjo ya homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi na kondoo, ndio liingie kundini.