Ni lini ibada na wenzako ilikutia moyo? Tupeane uzoefu

Mwenye uzi, Nakuru
Wapendwa, Bwana asifiwe. Nianze mimi. Januari 2008 nilikuwa na miaka 13, tunalala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho baada ya kufukuzwa nyumbani kwetu katika ghasia za uchaguzi. Usiku ukisikika mlio wowote, sisi watoto tulijikunyata, hata kulia tunaogopa. Usiku mmoja mama wa hema la pili akaanzisha pambio, taratibu, akipiga mtungi mtupu wa maji kwa kiganja. Hema lingine likaitikia, na lingine. Walikuwamo Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali wapi. Hofu haikuisha, lakini nililala. Tangu hapo, nikisoma Matendo 16 Paulo na Sila wakiimba gerezani usiku wa manane, jicho hunishika mwisho wa mstari wa 25: wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Nani mwingine ana ushuhuda?

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Kwangu mimi ilikuwa ni upasuaji. Niliahirisha mara mbili kwa woga, nikisingizia nauli. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na zamu ilipofika kwangu nikawaambia ukweli. Hawakunihubiria. Walisoma Zaburi ya 27, wakaomba mmoja mmoja, kisha wakapanga nani atanisindikiza na nani atawapikia watoto. Siku yenyewe akaja mzee mmoja ambaye hata kwenye sala husema maneno mawili matatu tu. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji nikaambiwa nivue patipati. Akaziokota. Nilipotolewa, saa nyingi baadaye, alikuwa bado amezishika mkononi.

Wa Budalang'i
Mto Nzoia ulipovunja kingo, kanisa letu lilijaa maji mpaka madirishani. Jumapili tukasali kambini chini ya mti, matope hadi magotini. Mahubiri siyakumbuki. Nakumbuka tulivyoshikana mikono.

Wa Kakamega
Naomba niseme jambo gumu. Nilipomzika mwanangu, watu wa kanisa nililokuwa nikisali hawakufika matangani. Nikakaa nyumbani karibu mwaka mzima. Jirani ndiye aliyenipeleka kanisani kwao. Miezi minne nilikaa benchi la nyuma bila kufungua mdomo, na hakuna aliyenisukuma. Wao waliimba tu, kila Jumapili, hadi siku moja nikajikuta nimeshika kiitikio.

Mwenye uzi, Nakuru
Pole sana ndugu yangu, kwa mwana na kwa kuachwa. Hilo la kuachwa tusilipite haraka. Tangazo la msiba likisomwa kanisani, tukaitikia "amina" kisha tukaenda zetu nyumbani, tumemwachia mtu jeneza alibebe peke yake.

Mgeni, Kondele
Nimesoma zote usiku huu. Kazi imenileta Kisumu juzi tu, sina mtu. Kuingia kanisa nisilolijua naogopa.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Mwanangu, nenda ukaketi karibu na kina mama wenye kayamba. Hawatakuacha.

Mgeni, Kondele
Mama, jana nilienda. Wakanipa kayamba, nikasema sijui kupiga. Mmoja wao akaweka viganja vyake juu ya vyangu, tukatikisa pamoja mpaka wimbo ukaisha. Jumamosi wananipeleka jumuiya.