Wanautu wakikutana, hufanya nini hasa?

Muulizaji, Nakuru: Ndugu zangu, nililelewa kanisani na sasa sifuati dini yoyote, lakini ninachokikosa zaidi ni ule mkusanyiko wa Jumapili, ambapo mgonjwa alitembelewa na aliyefiwa alichangiwa bila kuomba. Je, vikundi vya wanautu, yaani watu wanaoongozwa na utu na fikra huru bila kutegemea dini, vina jambo la namna hiyo, au watu hukutana tu kubishana kuhusu Mungu?

Jibu la kwanza: Karibu sana. Sisi hukutana Jumamosi moja kila mwezi. Mmoja wetu hutoa mada, tunaijadili, kisha tunakula pamoja, na kwa maoni yangu chakula hicho hutuunganisha kuliko mada yenyewe. Mwenzetu akifiwa, tunachanga na kwenda matangani. Msingi wetu ni Azimio la Amsterdam, tamko la wanautu duniani la mwaka 1952, lililoandikwa upya mwaka 2022, linalosisitiza fikra huru, heshima kwa kila mtu na wajibu wetu kwa wengine. Ubishi kuhusu Mungu huchosha upesi.

Jibu la pili, Kampala: Huku Uganda wanautu wameanzisha hata shule, ikiwemo ya msingi iliyofunguliwa Kasese mwaka 2011. Kwangu, utu unaoishia kwenye mazungumzo haujatimia.

Muulizaji: Nashukuru kwa dhati. Mama yangu bado ni mwumini. Je, ninaweza kuja naye?

Jibu la kwanza: Njoo naye. Hatutamwuliza anasali wapi.