Wauzaji na mafundi acheni kutuambia "breki ya resi ni breki tu", mtatuua

Wakuu nimekaa na hili jambo wiki mbili nikijiambia niache, nimeshindwa, kiwiko bado kina kidonda na kila nikiliangalia hasira inarudi upya.

Nina fremu ya chuma ya baiskeli ya resi, ya miaka ya 1970, ile mirija myembamba iliyoungwa kwa soketi. Nimeikwangua kutu mwenyewe, nimepiga msasa, nimepaka rangi, habu (kitovu cha gurudumu) nimefungua nikaweka gololi mpya. Kilichobaki kilikuwa breki tu. Nikaenda kwa muuzaji nikamwambia kabisa, kaka hii fremu ni ya zamani, ilikuja na ringi za inchi 27 lakini mimi nimeweka 700C, saizi ya kisasa ambayo ni ndogo kidogo, kwa sababu tairi za 27 hazina uchaguzi, nipe breki inayofaa. Hakuuliza kitu hata kimoja. Hakuna rula wala nini, akavuta boksi akasema chukua hii, inaingia resi yoyote. RESI YOYOTE! Yaani mtu anauza kitu cha kumsimamisha binadamu kwenye mteremko na hajui kwamba breki zina urefu tofauti wa mikono.

Ngoja niseme hapa labda itamsaidia mwingine. Unafunga gurudumu, unapima kutoka katikati ya tundu la boliti ya breki kushuka mpaka katikati ya pale raba inapotakiwa kubana ringi. Hiyo namba ndo kila kitu. Breki za resi za kisasa nyingi ni milimita 39 hadi 49, kuna za kati 47 hadi 57, halafu kuna ndefu kama Tektro R559 ambazo ni 55 hadi 73. Fremu za zamani ziliachiwa nafasi ya kufunga madigadi na tairi nene kwaiyo mara nyingi 49 haifiki. Na ukitoka 27 kwenda 700C ndo unaongeza umbali, maana kipenyo cha 27 pale tairi inapokaa kwenye ringi ni milimita 630 na cha 700C ni 622, tofauti 8, yaani ringi inashuka milimita 4 kutoka kwenye breki. Wala msidanganyike na namba za inchi, kuna "28" ambayo ni 622 na kuna "28" ambayo ni 635, kwaiyo 27 inaweza kuwa kubwa kuliko 28! Soma ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kama 28-622 (28 ya hapo ni upana wa tairi kwa milimita, 622 ndo kipenyo), hiyo haidanganyi.

Yangu mbele ni 54, nyuma 59. Aliniuzia ya 39 hadi 49. Milimita tano pungufu mbele, kumi nyuma, na alikuwa na baiskeli nzima mbele ya macho yake.

Sasa fundi. Huyu ndo ameniumiza zaidi kwa sababu nilimwamini. Kwanza boliti ikagoma, hizi za kisasa zina nati ndefu inayozama ndani na inataka tundu la milimita 8 nyuma ya foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), foki za zamani tundu ni la 6 na nati inakaa nje. Akachukua drili anataka kupanua mpaka kile kidaraja chembamba cha nyuma, nikamzuia, akatafuta boliti nyingine. Nikaondoka kidogo. Niliporudi breki zimefungwa, nikafurahi, sikuchunguza.

Nimekuja kuchunguza baada ya kuanguka. Alichukua tupa akakereza ule mwanya wa mkono wa breki ambao raba inapanda na kushuka, akaurefusha kwa chini mpaka ukingo wa alumini ukabaki mwembamba kama ukucha. Bado haikufika, kwaiyo akailaza raba ikatazama chini, nusu inabana ringi na nusu inasugua tairi. Nimepanda siku tatu. Siku ya tatu nashuka mteremko, nikabana, nikasikia kama kitambaa kinachanika halafu pah, tairi la mbele limekwisha. Ubavu wake ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinaonekana, mstari mmoja umezunguka tairi lote kama umechorwa kwa bikari. Nimetua kwa kiwiko na nyonga. Nyuma yangu hakukuwa na gari, Mungu mkubwa.

Nikafungua vyote nyumbani. Breki ya nyuma kaweka kava ya waya wa GIA! Jamani kava ya breki ndani ni waya uliozungushwa kama springi, ya gia nyingi ndani ni nyaya zilizonyooka, ukibana breki kwa nguvu zinaweza kupasua plastiki zikatoka nje na leva inaenda mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Alafu vile vishikio vya raba vilivyo wazi upande mmoja, kageuza, upande wa wazi unatazama mbele, maana yake ringi inapozunguka inaivuta raba itoke. Upande uliozibwa ndo unatakiwa mbele! Hili si jambo la utaalamu, ni kutazama tu gurudumu linazunguka kuelekea wapi.

Nilipomrudia akaniambia nibadilishe leva niweke za baiskeli ya mlimani zitabana zaidi. Hizo ni leva za V-breki, zile breki za mikono mirefu za baiskeli ya mlimani, zinavuta waya karibu mara mbili, ukizifunga kwenye breki hizi nguvu inapungua, haiongezeki. Yaani hata ushauri wake wa pili ungeniua.

Muuzaji naye kagoma kurudisha hela, anasema zimeshakerezwa. Ni kweli zimekerezwa, lakini zilikerezwa kwa sababu hazikufika, na hazikufika kwa sababu hukupima!

Mbele sasa nimefunga ya 47 hadi 57 ya nati ya nje, raba yote imekaa kwenye ringi, sawasawa, na nimeitega kidogo ncha ya mbele iguse kwanza ili isipige kelele. Nyuma nasubiri ya 55 hadi 73. Najua mkono mrefu unabana kwa nguvu ndogo kidogo, ila kazi kubwa ya kusimama inafanywa na ya mbele, kwaiyo sina shida kama hazifanani. Mpaka ifike baiskeli haitoki ndani.

Zile zilizokerezwa kuna mtu alitaka kuzinunua kwa bei ya chini. Nimekataa. Jana nimezikata vipande na msumeno wa chuma, mikono yote minne, zisije zikafungwa kwenye baiskeli ya mtoto wa mtu.