Mjadala: Ufaransa irudishe predela ya San Zeno, au nakala zinatosha?

Wakuu, naanzisha hili nikijua nitapingwa.

Kanisa la San Zeno, Verona, Italia, lina picha ya altare aliyoichora Mantegna kati ya 1456 na 1459: Bikira Maria na Mtoto katikati, watakatifu kushoto na kulia. Chini yake huwa kuna predela, ule mkanda wa mbao wenye picha ndogo. Hapa ni tatu: Yesu bustanini, Yesu msalabani, Yesu akifufuka. Mwaka 1797 Wafaransa wa Napoleon walibeba zote. Napoleon alipoanguka, 1815, zile kubwa zikarudi. Za chini zikabaki hukohuko: ya msalaba iko makumbusho ya Louvre, Paris, mbili ziko makumbusho ya mji wa Tours. Verona wanatazama nakala.

Predela si pindo la gauni, kwamba ukilikata gauni linabaki gauni. Padri wa enzi zile aliwapa waumini mgongo. Akiinua hostia, ule mkate wa misa, Bikira yuko juu huko. Kinachomkabili machoni ni ule msalaba. Na itazameni vizuri: askari wanapiga kete kugombea vazi la Yesu, halafu mbele kabisa kuna askari anayeonekana nusu mwili tu, kama anapanda kutoka palepale kwenye meza ya altare. Louvre wameitundika ukutani peke yake. Huyo askari anapanda kutoka wapi?

— Mkuu, padri wa leo anawatazama waumini, kwa hiyo hayo macho ya padri yalishapitwa na wakati. Picha yenyewe ni sentimita 76 kwa 96. Louvre unaisogelea hadi unaona nyufa za mwamba. Kanisani utaisogelea hadi wapi? Nakala za Verona ni nzuri, wanaosali pale wala hawalalamiki. Na Tours je? Makumbusho yao si Louvre, ukichukua hizo mbili umewaachia nini?

— Umeruka 1815, mkuu. Kama kubwa zilirudi kwa kuwa ziliporwa, ndogo ziliporwa na nani mwingine? Na tusiambiwe sheria ya Ufaransa hairuhusu. Desemba 2020 walitunga sheria mahsusi, mwaka uliofuata vitu 26 vilivyoporwa Abomey, makao ya wafalme wa zamani, vikarudi Benin. Tours nawahurumia kweli, sitanii. Ila kama nakala ni nzuri kiasi hicho, wazichukue wao.