Methotreksati ni mara moja kwa WIKI! Bahasha zenu za "kutwa mara" zinaumiza wagonjwa wa baridi yabisi

Wakuu, uzi huu si wa siasa wala wa mpira. Naomba usomwe na kila mwenye mama, bibi au shangazi ambaye vidole vimevimba na asubuhi hawezi kufumba ngumi.

Chukua bahasha ya dawa, ile ndogo unayopewa dirishani, iwe Kirumba, Igoma, Sengerema au Nansio, huku kwetu Mwanza. Soma kilichochapwa: Jina. Dawa. Vidonge nafasi tupu, kutwa mara nafasi tupu. Basi. Aliyechapa bahasha ile aliamini kila dawa inamezwa kila siku. Sasa mtoa dawa anapokea cheti cha methotreksati, anajaza nafasi alizozikuta: "6 kutwa mara 1". Mwingine anaandika 2x3 kwa mazoea tu, mkono umeshaandika 2x3 za Panadol tangu asubuhi. Mama anaipokea kwa mikono miwili, anasema asante mwanangu, anaenda kumeza sumu kwa utiifu kabisa.

Kwa baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, methotreksati humezwa MARA MOJA KWA WIKI, siku ile ile kila wiki. Wengi huanza na miligramu 7.5 hadi 15 kwa wiki, na daktari anaweza kupandisha taratibu mpaka 20 au 25. Kidonge kidogo kina miligramu 2.5, kwa hiyo mwenye dozi ya 15 anameza vidonge 6, siku moja, halafu haigusi mpaka wiki ijayo. Ukimwandikia 6 kila siku, umempa miligramu 105 ndani ya wiki moja. Hiyo ni dozi ya wiki saba!

Na hapo hatujaongelea kidonge cha miligramu 10. Navyo vipo, vyote viwili huwa na rangi ya manjano, na kwa viwanda vingine vinafanana sana. Mtu amezoea kumeza 6 vya 2.5, mwezi huu duka limeleta vya 10, hakuna aliyemwambia. Akimeza 6 zake kama kawaida, ameingiza 60 kwa siku moja. Kibaya zaidi ni ule mkasi. Mgonjwa ana fedha ya wiki mbili tu, mnamkatia kipande cha pakiti, na ukikata pakiti mara nyingi jina linabaki upande mmoja na miligramu zinabaki upande mwingine. Anaondoka na vidonge vinne vya manjano visivyo na jina, visivyo na nguvu iliyoandikwa, ndani ya bahasha ya kutwa mara. Hivi kweli?

Kwa nini dozi ya kila siku inaua? Dawa hii inazuia seli kutumia foliki, aina ya vitamini B, na seli haiwezi kugawanyika bila foliki. Zinazogawanyika haraka ndizo zinazoumia kwanza: ngozi laini ya mdomo, utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi huwa mdomoni. Midomo inachubuka, ulimi unakuwa mwekundu, vidonda vyeupe ndani ya mashavu, hata uji wa ulezi unachoma. Baadaye kuhara, homa, koo kuuma, michubuko ya damu chini ya ngozi bila kugonga popote. Chembe nyeupe zimeshuka, chembe za kugandisha damu zimeshuka.

Sasa sikilizeni mgonjwa huyu anapelekwa wapi. Ana homa na anahara, kwa hiyo ni malaria au taifodi, kanda hii hakuna jibu jingine. Anapewa Septrin. Au anapewa SP, zile ambazo siku hizi kazi yake ni kuwakinga wajawazito na malaria lakini bado zinauzwa kama njugu. Wakuu, ndani ya Septrin na ndani ya SP kuna dawa zinazozuia foliki ile ile! Septrin juu yake pia inazuia figo kutoa methotreksati. Mnamzima mtu uboho kwa pande mbili kisha mnasema "alikuwa anaumwa muda mrefu". Mwenye kumeza methotreksati hapewi Septrin wala SP. Akiwa na malaria iliyothibitishwa kwa kipimo, mseto upo. Akiwa na maambukizi mengine, antibayotiki nyingine zipo, achaguliwe na daktari anayejua anameza nini.

Halafu foliki yenyewe. Daktari ameandika foliki asidi miligramu 5, kwa kawaida mara moja kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati. Kazi yake ni kupunguza vidonda vya mdomo, kichefuchefu na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Duka halina, linatoa vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu vya wajawazito, "ni kitu kile kile mama". Si kitu kile kile. Foliki iliyomo ndani yake haifiki hata miligramu moja, kilichobaki ni madini ya chuma. Na kuna hatari nyingine: foliki ya miligramu 5 nayo ni kidonge kidogo cha manjano. Vikiwekwa kwenye bahasha mbili zinazofanana, mgonjwa akavichanganya, ile ya wiki anaimeza kila siku akidhani ni vitamini.

Mnaotoa dawa, hiki ndicho tunachotaka kuanzia kesho asubuhi. Kata mstari wa "kutwa mara" kwa kalamu, ufute kabisa. Andika kwa maneno, si kwa alama: "Methotreksati miligramu 2.5. Meza vidonge SITA kila IJUMAA usiku. USIMEZE SIKU NYINGINE." Mwache mgonjwa akurudishie kwa mdomo wake siku gani anameza. Toa dozi ya wiki nne tu, yaani vidonge 24 kwa mwenye 6, pamoja na kisanduku chake au kipande cha pakiti chenye jina. Na duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuuza dawa hii, kwa hiyo swali la kwanza ni imefikaje kwenye rafu yako.

Ndugu mnaoishi na wagonjwa: kama kumeshatokea vidonda vya mdomo, homa, kuhara kusikokoma, au kikohozi kikavu na pumzi kubana, methotreksati isimamishwe siku hiyo hiyo. Kukosa dozi ya wiki moja hakumdhuru. Nendeni hospitali yenye maabara mkiwa na bahasha, kisanduku na vidonge vilivyobaki, na sema mwanzoni kabisa: "anameza methotreksati". Aombewe kipimo cha FBP (hesabu ya chembe za damu), kreatinini (ya figo) na vipimo vya ini. Dawa ya kuokoa inaitwa asidi ya foliniki, inatolewa hospitali. Foliki ya kawaida ya dukani haiwezi kufanya kazi hiyo.

Mods, msiuunganishe uzi huu na ule wa bima.

JIBU LA 1

Naongezea kwenye siku, maana mwandishi ameigusa akapita. Usimwandikie mzee "Jumatatu". Kwa mwandiko wa haraka Jumatatu na Jumatano ni neno moja, na mtu akiyasoma yote mawili anameza mara mbili kwa wiki. Mbaya zaidi ni "J3". Kwetu sote J3 ni Jumatatu, lakini kwenye bahasha ya dawa namba 3 inasomeka mara tatu. Ijumaa na Alhamisi hazifanani na siku nyingine, tumia hizo. Methotreksati Ijumaa, foliki Jumanne, kwa mfano, kisha chora duara kwenye kalenda ya ukutani. Kila nyumba ina kalenda.

Usiku baada ya chakula ni muda mzuri kwa sababu kichefuchefu kinampata akiwa amelala. Kichefuchefu kikimsumbua sana, daktari anaweza kuigawa dozi asubuhi na jioni ya SIKU ILE ILE, kupandisha foliki, au kubadili iwe sindano. Msigawe wenyewe kwa siku mbili.

JIBU LA 2

Hasira yangu iko kwenye vipimo. Mtu anaanzishwa dawa hii bila FBP, bila ini, bila kreatinini, kisha anapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Utaratibu ni kupima kabla ya kuanza, kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi mitatu ya kwanza, halafu kila wiki 8 hadi 12. Chembe zinaweza kushuka mgonjwa akiwa bado anatembea na kucheka, hutamjua kwa kumtazama.

Na kanda ya ziwa tuna sababu yetu ya ziada. Kichocho cha tumbo kimejaa kando ya ziwa hili, na kinaharibu mishipa ya ini miaka mingi kabla ya mtu kujua. Mama wa kuanika dagaa aliyekulia majini apimwe kichocho na ini kabla ya methotreksati, pamoja na homa ya ini B na C. Pombe nayo isemwe waziwazi, gongo na dawa hii havikai kwenye ini moja.

Wa visiwani nawahurumia zaidi. Nauli ya boti kwenda na kurudi, kulala mjini, halafu maabara inamwambia mashine mbovu. Kliniki zinaweza kumwandikia kipimo akifanyie karibu na kwao na majibu yatumwe kwa simu. Hakuna sababu ya kumvusha mgonjwa maji kwa ajili ya mirija miwili ya damu.

JIBU LA 3

Tusisahau "mchanganyiko". Maduka yanafunga kwenye karatasi diklofenaki, prednisoloni au deksa, na kidonge cha tatu ambacho hata muuzaji hajui jina lake, "dawa ya viungo". Maumivu yanaisha siku ya pili, ndiyo maana watu wanarudi. Diklofenaki na prednisoloni pamoja zinatoboa tumbo: kinyesi cheusi kama lami ni damu, nenda hospitali usiku huo huo. Kwa mwenye vidonge vya presha kama losartani pamoja na vile vya kukojoza, ukiongeza diklofenaki umeziba figo kwa njia tatu. Figo zikilegea, methotreksati haitoki mwilini, hata ile iliyomezwa kwa usahihi.

Na aliyemeza prednisoloni kila siku kwa zaidi ya wiki tatu au nne asiache ghafla. Mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, ataishiwa nguvu, atatapika, presha itaanguka. Inapunguzwa hatua kwa hatua na daktari.

Wanawake wa umri wa kuzaa: methotreksati inatoa mimba na inalemaza mtoto. Uzazi wa mpango kabla ya kidonge cha kwanza, na ukitaka mtoto iache angalau miezi mitatu kabla, karatasi za baadhi ya viwanda zinasema sita. Hili liambiwe dirishani, siyo aje alisome akiwa na mimba ya wiki nane.

MWANZISHA UZI

Nimeona mnaouliza kama mama aache kabisa. Hapana! Ikimezwa kwa wiki na kupimwa, ndiyo dawa inayozuia vidole visipinde moja kwa moja, na inahitaji wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi. Tunacholalamikia ni utoaji.

Waliopatwa na madhara ripotini TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wana ofisi hapa hapa Mwanza, na mtoa huduma aliyekupokea hospitali anapaswa kujaza fomu ya njano. Mkataeni anayesema "haina haja". Bahasha hiyo msiitupe, ipigeni picha.

Leo jioni fungua mkoba wa dawa wa mama. Tafuta kisanduku kilichoandikwa Methotrexate. Angalia ni 2.5 au 10. Hesabu vidonge vilivyobaki, toa kwenye idadi aliyopewa, ugawe kwa wiki zilizopita. Kama jibu limezidi idadi aliyoandikiwa na daktari kwa wiki, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpeleke akapimwe damu kesho asubuhi.