Komiki za mashujaa na unyevu wa Unguja: polipropilini, Mylar au sanduku?

BuibuiWaMji: Assalaam alaykum wanajukwaa. Komiki 60 za Spider-Man na Batman, nyingi za miaka ya 1990, zitakaa Mji Mkongwe masika yote bila kiyoyozi. Fedha iende kwenye mifuko ya plastiki, iwe ya polipropilini au ya Mylar, au kwenye sanduku? Na diski za michezo ya PS4 zikae humo humo?

Ngalawa82: Waalaykum salaam ndugu yangu. Anza na sanduku. Mfuko, uwe wa bei yoyote, mdomo wake unakunjwa tu na hewa inapita. Kazi yake ni kuzuia vumbi, jasho la vidole na mikwaruzo. Unyevu unazuiwa na sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, lita 30 hivi, na gramu 200 za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ndani ya kijifuko cha kitambaa. Tia na kipima unyevu kidogo. Kikisoma asilimia 40 hadi 55, shwari. Kikipita 65, kuvu inapata nafasi. Chini ya 35 nako si kuzuri, majalada yanajikunja.

Wengi wanaharibu siku ya kwanza: wanafunga sanduku mvua ikinyesha. Karatasi imeshanyonya maji, kwa hiyo silika inashiba mapema na unyevu unabaki ndani pamoja na vitabu. Funga mchana mkavu wa kaskazi, kabla masika hayajaingia, na ubadilishe silika baada ya wiki moja. Iliyoshiba ioke kwa nyuzi 120 saa mbili, inarudi kufanya kazi. Chukua ile ya rangi ya chungwa. Ya buluu ina kobalti, ni sumu.

MpembaWaGotham: Sanduku sawa kabisa, ila Mylar usiidharau. Ni poliyesta, inadumu makumi ya miaka. Polipropilini inaanza kujikunja na kupoteza uangavu, ibadilishe kila miaka 5 hadi 7. Kwa komiki 60 ningeweka Mylar kwenye tano au sita za thamani, basi. X-Men namba 1 ya 1991, kwa mfano, ilitoka nakala zaidi ya milioni 8, polipropilini inaitosha. Zote ziwe na kadi isiyo na asidi mgongoni.

Plastiki laini inayonuka kama kitambaa kipya cha meza ikatae. Hiyo ni PVC, inatoa asidi.

Halafu tazama pini za katikati. Hewa ya chumvi inazila kwanza: utaona kiduara cha kahawia karatasini kabla pini yenyewe haijakatika. Usiing'oe, utachana jalada.

BuibuiWaMji: Ahsanteni sana. Na kurasa za kung'aa zilizogandana? Na wadudu?

Ngalawa82: Zilizogandana usizivute, rangi inabanduka na haina dawa. Wadudu: funga kitabu ndani ya mifuko miwili, toa hewa, weka kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, kiache saa 24 bila kufungua, la sivyo umande utatua juu ya karatasi.

MpembaWaGotham: Diski zenyewe haziogopi unyevu. Karatasi ya jalada ndani ya kasha ndiyo inaota kuvu. Zisimamishe wima kwenye sanduku lao peke yake, maana kasha lililolalia komiki linaacha alama ya ukingo kwenye jalada.